Nani ataosha choo? Tuelewane kuhusu mabenchi, vibanda na geti ya Uhuru Park

Juzi nilikuwa kwa matatu ya Kawangware tunashuka Valley Road kuingia tao, tukakwama pale chini karibu na Uhuru Highway, mkono mmoja Uhuru Park, mkono mwingine Central Park, na ubishi ukaanza. Jamaa wa mbele akasema tangu wakarabati hapa pamependeza, lakini mtu akitaka maji ya kunywa anahangaika. Mama aliyekuwa amepakata mtoto akamwambia wauza maji ndio walipachafua zamani, wakae huko huko. Kijana wa nyuma akasema shida si maji, shida ni fensi, bustani imeitwa Uhuru halafu inafungwaje na geti? Mzee mmoja aliyekuwa kimya muda wote akauliza, na choo je? Gari ikatulia kidogo, kisha watu wote wakaanza kuongea kwa pamoja mpaka jam ikaachia.

Nimekuwa nikifikiria ule ubishi tangu siku hiyo kwa sababu kila mmoja alikuwa na ukweli wake na bado hakuna aliyemwelewa mwenzake. Na naipenda ile bustani, nitasema mapema. Picha ya kwanza ya familia yetu ambayo nimo tulipigiwa hapo, Krismasi, mimi na nguo mpya ya kubana shingo, nyuma yetu yale maji yenye boti. Nairobi nzima ina picha kama hiyo nyumbani. Kwa hivyo nataka tuifungue hii maneno polepole, tuanze na vitu vidogo ndio tufike kwa vile vikubwa.

Kwanza tuelewane tunaongea kuhusu nini. Nikisema huduma za bustani namaanisha kila kitu kinachomfanya mtu akae hapo zaidi ya dakika tano: pa kuketi, kivuli, maji, choo, taa, pipa la taka, bembea za watoto, mahali pa kupata kitu cha kutafuna. Nyasi na miti peke yake ni shamba zuri. Ukiongeza pa kuketi na pa kujisaidia sasa ni bustani ya watu. Nikisema matunzo namaanisha kazi ya kila siku ya kufagia, kuosha, kumwagilia, kubadilisha balbu na kurekebisha bomba. Na nikisema ardhi ya umma simaanishi ardhi ya serikali, hapo ndipo wengi tunateleza, nitarudi hapo.

Tuanze na choo, kwa sababu yule mzee ndiye aliyekuwa amegusa mahali penyewe.

Wengi wetu tumeishi kwa ploti. Vyumba kumi, choo kimoja, bomba moja uani. Lendilodi alijenga kile choo mara moja tu, akalipa fundi akamaliza, na tangu siku hiyo hakuna ugomvi hata mmoja pale ploti umewahi kuwa kuhusu nani alijenga. Ugomvi ni nani anaosha. Kuna karatasi ya zamu ukutani, chumba namba saba haoshi, chumba namba tatu amechoka kuoshea watu akaweka kufuli na kuwapa funguo wale wanaochanga. Na kweli, kufuli likiwekwa choo kinakuwa kisafi. Ila sasa mgeni aliyekuja, fundi wa stima, mtoto wa nyumba ya pili ambaye mamake hajachanga, hao wanaenda wapi? Wanaenda nyuma ya nyumba, na baada ya wiki mbili harufu inarudi kwa wote, hata kwa wenye funguo.

Bustani ya mjini ni hiyo ploti, tofauti ni kwamba vyumba ni milioni nne na kitu. Ukishaelewa ploti umeelewa karibu kila kitu kinachobishaniwa, kwa sababu maswali ni yale yale: nani anaosha, nani ana funguo, na wale wasio na funguo tunawapeleka wapi.

Sasa hapo kwa kuosha kuna kitu kuhusu pesa ya serikali ambacho watu hawaambiwi. Kaunti ina mifuko miwili. Mfuko wa maendeleo, huo ni wa kujenga, na sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende huko. Halafu kuna mfuko wa matumizi ya kawaida: mishahara, mafuta, sabuni, stima. Kujenga kuna tenda, kuna kontrakta, kuna siku ya kukata utepe na picha zinapigwa. Kufagia hakuna utepe. Hakuna kiongozi amewahi kuita waandishi wa habari kuja kuona balbu ikibadilishwa. Kwa hivyo vitu vinajengwa kwa mfuko mmoja halafu vinaachiwa mfuko mwingine ambao tayari umekazwa, na ndiyo maana nchi hii imejaa vyoo vizuri vyenye kufuli. Mtu akiona choo kimefungwa anadhani pesa imeliwa, na pengine imeliwa kweli, lakini mara nyingi hata bila mwizi yeyote choo kingefungwa tu kwa sababu hakuna aliyeweka mshahara wa kukiosha.

Hebu tufanye hesabu ya mfano, namba ni zangu za kuelewana tu. Choo kimoja kikubwa cha bustani, milango minane. Unahitaji watu wawili asubuhi na wawili jioni, siku saba kwa wiki, kwa hivyo unaajiri kama sita ndio kila mtu apate siku ya kupumzika. Ukiwalipa 20,000 kila mmoja ni 120,000 kwa mwezi. Weka maji, sabuni, karatasi, mabomba ya kuvunjika, tuseme 60,000. Jumla 180,000 kwa mwezi, zaidi ya milioni mbili kwa mwaka, choo kimoja tu. Ukisema watu walipe shilingi kumi, unahitaji wateja 600 kila siku ya Mungu, na Jumapili watafika lakini Jumanne ya mvua hawatafika. Sasa hapo ndipo swali la kweli linaanza, hiyo pengo ya Jumanne inazibwa na nani?

Nairobi imeshajaribu majibu kadhaa. Wanaokumbuka tao ya miaka ya tisini wanajua vyoo vya kanjo, yaani halmashauri ya jiji, vilivyokuwa, mtu alikuwa anavuka barabara akiziba pua. Baadaye vikundi vya vijana wakavichukua, wakavipaka rangi, wakaanza kulipisha. Halafu David Kuria, ambaye ni msanifu majengo, akaja na Iko Toilet, unalipa shilingi tano, na pale pale nje kuna mtu wa kung'arisha viatu na mahali pa kununua soda. Watu waliona ni ajabu kuuza soda karibu na choo, lakini fikiria vizuri: ile biashara ndogo ya nje ndiyo inasaidia kuosha ndani. Na mtu wa viatu akikaa hapo kutwa nzima hakuna anayeng'oa bomba, kwa sababu ni macho ya mtu ambaye riziki yake iko hapo.

Hilo linatupeleka kwa mabenchi, na kwa uongo mmoja ambao umezoeleka sana: kwamba ukiweka viti vingi unaita machokoraa na wezi.

Kuna mtu alikaa chini akaangalia hili jambo kwa macho yake. William H. Whyte, New York, miaka ya sabini, yeye na vijana wake waliweka kamera kwenye viwanja vya mjini wakarekodi watu wanafanya nini siku nzima. Alichokuta ni kitu ambacho mama mboga yeyote angekwambia, watu wanakaa mahali penye pa kukaa, na watu wanavutwa na watu wengine. Mahali penye watu wengi, wanawake, wazee, watoto, wafanyakazi na chakula chao cha saa saba, pale mwizi hana nafasi. Wanaovuta vitu vibaya wanapenda mahali patupu. Ukiondoa viti ili kuwafukuza, unafukuza kwanza nyanya mwenye magoti, kisha mama mjamzito, kisha mtu aliyekuja kutafuta kazi na viatu vimembana, na wanaobaki ni wale wale uliotaka kuwafukuza, kwa sababu wao hawahitaji kiti.

Mfano wake mkubwa ni Bryant Park, bustani ndogo katikati ya Manhattan nyuma ya maktaba kuu. Miaka ya sabini ilikuwa imeshikwa na wauza dawa za kulevya, watu wa ofisi wanaizunguka hawaingii. Ilikuwa na fensi na vichaka virefu vimeizunguka, yaani ukiwa barabarani huoni ndani na ukiwa ndani huonekani, na hicho ndicho muuza dawa anataka. Walipoifunga mwaka 1988 kuikarabati walikata vile vichaka, wakafungua njia zaidi za kuingia, wakaweka vioski vya chakula na viti vya kawaida ambavyo mtu anaweza kuvibeba akavisogeza kwa kivuli. Viti havijafungwa na nyororo. Watu walisema vitaibwa vyote wiki ya kwanza. Ilifunguliwa tena 1992 na viti viko hadi leo, na vyoo vyake vinajulikana kwa kuwekewa maua freshi.

Lakini nisiwadanganye kwamba Bryant Park ni peponi, kwa sababu hapo kuna upande wa pili. Inaendeshwa na kampuni isiyo ya faida, na pesa yake inatoka kwa wenye majengo ya jirani, kodi za vioski, wadhamini na matamasha. Pesa ikitoka huko, wenye pesa wanataka nafasi. Kwa miaka mingi mpaka 2010 maonyesho ya mitindo ya New York yaliweka mahema makubwa pale pale kwenye nyasi, na mtu wa kawaida akifika anakuta bustani yake imejaa wageni wenye kadi shingoni. Wakazi walilalamika, na walikuwa na haki. Maua ya chooni yana bei yake, na bei yenyewe wakati mwingine ni siku zako za kukaa kwenye nyasi.

Sasa turudi nyumbani, tuongee fensi na geti, kwa sababu kwa Uhuru Park huwezi kuongea fensi bila kuongea historia. Na wale wanaosema tuwache siasa tuongee maua, naomba wanisikilize kidogo.

Bustani ilifunguliwa na Mzee Jomo Kenyatta tarehe 23 Mei 1969. Miaka ishirini baadaye, 1989, serikali ya chama kimoja ikaamua kujenga hapo jumba la ghorofa 60 la Kenya Times, gazeti la chama cha KANU. Na lilikuwa linasifiwa vipi? Lingekuwa na ofisi, ukumbi, maduka, nafasi ya kuegesha magari 2,000. Ukisoma hiyo orodha bila kujua yaliyotokea unaweza kudhani ni maendeleo tu, ni huduma. Wangari Maathai, yule mtetezi wa mazingira, akaandika barua baada ya barua, akatukanwa bungeni, akaambiwa ni mwanamke asiye na adabu, lakini wawekezaji wa nje wakaanza kuogopa na jumba halikujengwa. Fensi iliyokuwa imeshawekwa ikaja kung'olewa. Na 1992 kina mama wa wafungwa wa kisiasa wakakaa kwenye kona ya bustani wakigoma kula, wakidai watoto wao, polisi wakawapiga, wakahamia All Saints Cathedral hapo juu. Ile kona ya bustani ndiyo inaitwa Freedom Corner. Halafu tarehe 27 Agosti 2010, katiba tunayotumia leo ikatangazwa rasmi ndani ya bustani ile ile, umati wa watu wakiwa kwenye nyasi.

Kwa hivyo mtu mzima wa Nairobi akiona fensi pale anaona fensi ya 1989. Sio ujinga na sio kupinga usafi, ni kumbukumbu. Na ile hadithi ya jumba inatupa kipimo kizuri ambacho mimi nakitumia kwa kila kitu kinachopendekezwa kujengwa bustanini: hiki kitu kinamhudumia mtu aliyekuja bustanini, au kinaleta wateja wake wenyewe na bustani ni kiwanja tu? Choo kinamhudumia aliyekuja. Bembea, ndiyo. Kibanda cha chai, ndiyo. Mkahawa mkubwa wa vioo wenye maegesho yake, ambao watu wanashuka kwa gari wanakula wanaondoka bila kukanyaga nyasi, hapana, huo ungefaa kuwa Westlands. Hata kama unalipa kodi nzuri kwa kaunti.

Bado sijajibu kuhusu geti, na hapa sitaki kumdharau yule mama mwenye mtoto. Usiku mahali penye giza tao ni hatari na wanawake ndio wanaolipa hiyo hatari. Fensi fupi unayoona kupitia, geti nyingi zilizo wazi kutoka alfajiri mpaka usiku, taa zinazowaka, hiyo ni kitu tofauti kabisa na ukuta wenye geti moja na askari anayekuangalia viatu kabla hujaingia. Bishano letu lingekuwa na faida zaidi kama tungeacha kuuliza fensi ndiyo au hapana, tukauliza geti ngapi, zinafungwa saa ngapi, na yule wa getini amepewa maagizo gani. Kwa sababu najua nani atakatazwa kwanza. Ni yule anayekuja saa saba mchana kulala kidogo kwenye nyasi kwa sababu hana pesa ya chakula cha mchana, anakula hewa halafu anarudi kutafuta kazi. Huyo mtu yuko Uhuru Park tangu mimi ni mtoto, na kusema ukweli ndiye anayeihitaji kuliko sisi sote.

Wachuuzi sasa. Hapa nitaenda Unguja kidogo, kwa sababu Forodhani wamepitia hii kitu yote kabla yetu.

Forodhani iko mbele ya Ngome Kongwe, ukingo wa bahari wa Mji Mkongwe. Ilitengenezwa kuwa bustani miaka ya thelathini, ikaitwa Jubilee Gardens, na kufikia miaka ya elfu mbili ilikuwa imechoka, ukuta wa bahari unabomoka, matope, taa hakuna. Taasisi ya Aga Khan ya utamaduni ikaikarabati, kazi ikaanza 2008, ikafunguliwa tena katikati ya 2009. Ukuta ukajengwa upya, mifereji, taa, sehemu ya watoto. Na wale wauza vyakula? Wakati wa ukarabati walihamishwa, na bila shaka wengi waliogopa hawatarudi, kwa sababu ndivyo inavyokuwaga Afrika Mashariki yote, unahamishwa kwa muda na huo muda hauishi. Lakini walirudi. Ukienda leo jioni jua likizama utawakuta, wamejipanga na meza zao na taa, mishkaki, urojo, juisi ya miwa yenye tangawizi na ndimu, ile pizza ya Kizanzibari inakunjwa mbele yako, wengine na kofia zao nyeupe za upishi. Watalii wapo, na wenyeji wapo, watoto wanaruka baharini kutoka ukutani watu wakiwapigia makofi.

Ukiondoa wale wapishi Forodhani inabaki ukuta mzuri na taa. Wao ndio huduma. Kinachobadilisha mchuuzi kutoka uchafu kuwa huduma ni vitu vya kuchosha kabisa: maji ya bomba karibu, pa kumwaga maji machafu, pipa linalochukuliwa kila usiku, mahali palipochorwa kila mtu ajue pake, na leseni ambayo mtu wa kawaida anaweza kuilipa bila kumtafuta mjomba ofisini. Muuza mayai na smoki tao hapa anachafua kwa sababu anauza akiwa ameangalia nyuma kama askari wa kanjo wanakuja, mtu anayekimbia hawezi kuokota maganda. Mpe mahali na umwambie hapa ni pako mita mbili zote ni jukumu lako, utaona. Wapiga picha wa Uhuru Park wamekuwa pale miongo na miongo, ni sehemu ya bustani kama miti, na kama kuna mpango wowote ambao hauna mstari wa kuwataja hao basi huo mpango umeandikwa na mtu asiyekwenda Uhuru Park.

Haya, kiingilio. Watu wengi wanasema, shilingi hamsini ni nini? Kama pesa itasafisha, tulipe.

Fanya hesabu ya mama wa Kayole na watoto watatu. Nauli ya kwenda na kurudi, hata watoto wadogo akiwapakata, imeshakula mia mbili, mia tatu ukiwa na bahati mbaya na mvua. Ongeza hamsini mara nne, mia mbili tena. Hiyo ni unga. Atakaa nyumbani, na Kayole hakuna Uhuru Park nyingine ya kumpeleka. Kwa hivyo kiingilio kinachagua nani aingie, hata kama aliyekiweka alikuwa anafikiria usafi tu.

Lakini pia si kweli kwamba kiingilio ni wizi siku zote. Angalia Karura. Ule msitu ulikuwa mahali pa kuogopwa, watu walikuwa wanapita nje mbio. Baada ya jamii ya Friends of Karura kushirikiana na shirika la misitu la KFS, fensi ikawekwa, askari wakaajiriwa kutoka mitaa ya jirani kama Huruma na Githogoro, na raia mtu mzima kwa miaka mingi amelipa shilingi 100. Leo wanawake wanakimbia humo peke yao asubuhi. Kilichofanya ifanye kazi ni kwamba mia yako ya getini ilionekana: mia inaingia, njia inarekebishwa. Ndiyo maana mwaka 2025 KFS iliposema malipo yote yapitie eCitizen, mfumo wa serikali wa kulipia mtandaoni, kelele zilikuwa kubwa hivyo. Wengi walidhani ni ubishi wa simu na programu, kumbe watu walikuwa wanauliza, pesa ikienda kwenye kapu kubwa huko, nani atarudisha ya kulipa yule wa kufagia? Swali zuri kabisa. Na hata hivyo Karura ni msitu wa zaidi ya hekta elfu moja, mtu anaenda makusudi. Uhuru Park iko njiani, watu wanapita katikati kwenda kazini kutoka upande wa Upper Hill. Huwezi kumlipisha mtu kukata njia.

Kuna kitu cha katikati ambacho mimi nakiunga mkono: kuingia bure, kulipa kwa vitu vya ziada. Boti ulipie. Harusi inataka kupiga picha na mahema, ilipe, na ilipe vizuri. Kampuni inataka kufunga kona moja kwa tangazo, ilipe zaidi na iambiwe siku ngapi kwa mwaka inaruhusiwa, sio zaidi. Kibanda kilipe kodi ya mwezi. Hiyo pesa iingie akaunti ya bustani yenyewe, isomeke. Na choo kiwe bure kwa watoto, kwa wajawazito na kwa wenye ulemavu, hata kama wengine tunalipa kumi. Ibara ya 54 ya katiba inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote pa umma, na kufika hakuishii getini. Kama njia ya kabro ni nzuri lakini choo kina ngazi tatu, hajafika.

Nilisema nitarudi kwa ardhi ya umma. Kuna msemo watu wanatumia, ni mali ya serikali, serikali ifanye inavyotaka, au kinyume chake, ni yetu kwa hivyo nitafanya ninavyotaka hata kukojoa kwa mti. Yote mawili ni makosa ya aina moja. Ibara ya 62 inasema ardhi ya umma ya aina hii inashikiliwa kwa niaba ya watu, kama vile mjomba anavyoshika shamba la watoto wa ndugu yake aliyefariki. Anaweza kulilima, anaweza hata kukodisha kipande kwa msimu, lakini kuuza anavyotaka hawezi na hesabu lazima atoe watoto wakiuliza. Na ibara hiyo hiyo inataka ardhi hiyo isitolewe wala kutumiwa isipokuwa kwa kufuata sheria ya Bunge. Jedwali la nne linaweka bustani na sehemu za burudani za kaunti chini ya serikali ya kaunti. Kwa hivyo mjomba wetu kwa hili ni City Hall, makao ya serikali ya kaunti.

Najua tulichanganyikiwa zaidi kwa sababu Uhuru Park ilifungwa mwaka 2021 kukarabatiwa wakati NMS (Nairobi Metropolitan Services), ile idara ya serikali kuu iliyoongozwa na Jenerali Badi, ndiyo ilikuwa inaendesha shughuli nyingi za kaunti, kisha NMS ikamaliza muda wake mwaka uliofuata na kazi zikarudi kwa kaunti. Mtu mmoja alipanga, mwingine akarithi. Kama umewahi kununua gari la mtu unajua inavyokuwa, hujui alibadilisha nini na alisahau nini. Mipango mingine ilitangazwa na watu wakaishika kichwani, kelele za miti kukatwa nazo zikaja, na kivuli cha mti wa miaka thelathini hakirudishwi kwa tenda. Mche unaopandwa leo utafunika kichwa cha mtoto wa yule mama wa kwenye matatu akiwa ameshamaliza shule.

Sasa kama kweli unataka sauti yako isikike, kupiga kelele siku geti inapowekwa umechelewa. Mlango wenyewe uko kwenye kalenda ya bajeti ya kaunti. Mpango wa maendeleo wa mwaka unapelekwa bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, hapo ndipo unaona kama kuna kitu kipya kinajengwa bustanini. Makadirio ya bajeti yanafika kufikia 30 Aprili, na hapo usiangalie upande wa ujenzi, nenda upande wa matumizi ya kawaida utafute mishahara ya wafagiaji, maji, na matengenezo ya bustani. Ukikuta benchi mpya mia na hakuna pesa ya sabuni, umeshajua mwaka ujao utakuwaje. Viingilio na ada za vibanda vinakuja kwenye Mswada wa Fedha wa kaunti, kwa sababu kaunti haiwezi kukulipisha ada bila sheria, na huo mswada lazima uletwe kwa wananchi watoe maoni. Tangazo linawekwa gazetini, mkutano unafanywa ukumbini siku ya kazi saa nne asubuhi, na wanaofika mara nyingi ni wachache ambao kila mtu anawajua.

Yule mzee wa matatu alishuka karibu na Nation Center, nikamsaidia na mfuko wake. Nikamuuliza kwa nini aliuliza choo na sio kitu kingine. Akaniambia ana sukari, na mtu mwenye sukari akitoka nyumbani kitu cha kwanza anachohesabu ni vyoo vilivyo njiani na kama viko wazi. Ana wajukuu wanataka kupelekwa kuona boti. Bado hajawapeleka.